Alama Ishirini na Mbili za Lasmini

Jumatatu, 7 Oktoba

Daktari amenipa vidonge vya presha na sharti moja: nikikasirika kazini niandike, nisibwatuke. Daftari hili nimelinunua asubuhi. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimeshalihitaji.

Leo tumefungua kozi ya kuchomelea chuma. Wanagenzi kumi na sita, wiki nane, na mwishoni kiwanda cha kuunda meli huko Surabaya kitaajiri watatu. Watatu tu, na wote kumi na sita wanalijua hilo. Hotuba zilianza saa mbili zikaisha saa tano. Tumekata mnara wa wali wa manjano, kama ilivyo desturi ya ufunguzi, tumepiga picha chini ya bango, tumepiga nyingine kwa sababu kwenye ile ya kwanza Mkuu wa Kituo alikuwa amefumba macho. Kila mtu akapewa kiboksi chake cha vitafunio. Hapo ndipo mimi, mwalimu wa kuchomelea, niliporuhusiwa kufundisha kuchomelea.

Tukafanya mtihani wa kuanzia. Kila mmoja aunganishe vipande viwili vya bati nene, basi. Wengi kijiti cha kuchomelea kiliwagandia kwenye chuma wakawa wanakivuta kwa mikono miwili. Sikuwacheka, hata mimi nilianza hivyo. Halafu ikafika zamu ya msichana mmoja, Lasmini, miaka ishirini na mitatu. Baba yake, Mzee Sarpin, au Pak Sarpin kama wote wanavyomwita, ana banda la kutengeneza mageti na matela ya miwa kule kwenye mashamba. Msichana akachuchumaa, akashusha kinga ya uso, na nikasikia ule mlio sawasawa usiokatika, ambao wanafunzi wangu wengi huondoka hapa bila kuutoa hata mara moja. Alipogonga, magamba yaliyofunika mshono yakadondoka kwa kipande kimoja. Nimempa alama tisini na moja. Tisa nimezikata kwa sababu niliona haya kumpa mia siku ya kwanza.

Jumanne, 8 Oktoba

Mkuu ameniita. Pak Djatmiko si mtu wa kufoka. Anakukaribisha chai, anauliza hali ya mama yako, halafu anakukaba.

"Bu Kusdarini," akaniita kwa ile Bu ya heshima ya mama, "huyu wa tisini na moja anatuharibia."

"Anatuharibia nini, Pak?"

Akanigeuzia kompyuta. Kuna chati. Mstari unaanzia chini kushoto unapanda kwenda juu kulia. Mtihani wa kuanzia, wote wawe chini ya arobaini. Mtihani wa kumalizia, wote wawe juu ya themanini. Kituo ambacho mstari wake haupandi, mwakani hakipewi kozi.

"Sasa huyu apande aende wapi?"

"Hana haja ya kupanda. Ameshafika."

"Kama ameshafika, Bu, sisi tumemfanyia nini?"

Nikakoroga chai, na yeye akadhani nimekubali. Akasema kwa upole arudie mtihani, alegeze mkono kidogo. Vituo vyote vinafanya hivyo, akasema, hata wanaotukagua wanajua. Karani wetu wa takwimu, Yoyok, alikuwa pembeni anatafuna karanga. "Mbak, wale kumi na tano nimeshawaingiza," akaniambia, akiniita dada kama kawaida yake. "Nimebakiza nafasi ya huyo binti wako wa tisini na moja. Usinicheleweshe, nina mtoto wa kumchukua shuleni."

Miaka kumi na tisa nafundisha hapa. Sijawahi kuombwa kumfundisha mtu kukosea. Nimemwambia Mkuu nitafikiria, na njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa naongea peke yangu kwenye pikipiki.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefikiria. Ningekataa, Mkuu angemwondoa Lasmini kwenye orodha na kuweka mwingine, kuna watu arobaini wanasubiri nafasi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ni kweli, na bado inanuka.

Nikamvuta pembeni kabla ya kipindi.

"Rudia ule mtihani wa juzi, nduk, mwanangu. Ila safari hii uharibu."

Akanitazama akingoja nicheke. "Niharibu makusudi, Bu?"

"Ni mambo ya karatasi tu. Wanataka ionekane umejifunza hapa."

"Lakini nimejifunza kwa Baba."

"Najua. Hakuna atakayeiangalia tena hiyo karatasi."

Akaharibu. Ile ya kwanza aliyoiharibu bado ilikuwa bora kuliko za wenzake wote. Ya pili vilevile. "Mkono unakataa, Bu," akasema, na jasho linamtoka kuliko siku ya mtihani wenyewe. Mwisho akashika kwa mkono wa kushoto, akatoa kitu chenye mashimo na vinundu ambacho fundi yeyote angekitupa mtoni. Ishirini na mbili. Ya mwisho darasani. Aliomba kipande akakitupe mwenyewe, baba yake asije akakiona.

Ijumaa, 11 Oktoba

Yoyok ameibandika chati ukutani, ya rangi. Nimepita mara nne bila kuitazama.

Jumatano, 23 Oktoba

Joto. Wingu linakusanyika kila alasiri na halinyeshi. Vijiti vya kuchomelea vimekwisha kwa siku mbili kwa sababu fomu ya kuviomba inataka sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu yuko kwenye warsha ya kuboresha utendaji.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Paa la karakana linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Tumesogeza meza.

Leo nimeona jambo. Nilitoka kwenda kupigania vijiti, nikarudi nikakuta Lasmini amewapanga wenzake wawili wawili. Ananyamazisha mashine, anawaambia, "Msitazame moto, tazameni kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma ya moto. Moto unakudanganya. Kidimbwi hakidanganyi." Mimi husema hivyo kwa maneno mengi zaidi na hawanielewi. Kuna jamaa mmoja mnene, Bagong wanavyomwita, aliyekuwa akichomelea kama anapaka siagi. Leo ametoa mshono wa kwanza ulionyooka, akapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio.

"Umejifunzia wapi kufundisha?" nikamuuliza Lasmini.

"Baba macho yamechoka na moto, Bu. Kazi nafanya mimi, yeye anasikiliza. Akisikia mlio umebadilika ananiambia nimekosea nini."

Nilikuwa namwona kama mwanafunzi mzuri niliyemwonea. Leo nimemwona kama mwalimu ambaye hatujamlipa hata kiboksi cha vitafunio.

Jumanne, 12 Novemba

Siku mbili za kuchomelea zimefutwa ili tufanye mafunzo ya kujenga ari. Ameletwa bwana mmoja kutoka mjini mwenye kipaza sauti cha kuning'inia sikioni. Ametufumbisha macho watu wazima. Tujione tuko juu ya mlima. Tushikane mikono, tupige kelele mara tatu kwamba sisi tunaweza.

Tunaweza nini? Zoezi la nne kwenye ratiba hawajaligusa! Kuchomelea juu ya kichwa, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya ndani ya meli, kumebakiziwa siku tano tu. Nje mvua inapiga bati kiasi kwamba yule bwana akawa anapayuka, "Zikomboe nguvu zilizolala ndani yako!" na Bagong kando yangu amelala kweli, kichwa kifuani.

Nilimeza kidonge bila maji.

Alhamisi, 14 Novemba

Vijiti vimefika. Vimelowa.

Ijumaa, 22 Novemba

Tumevikausha kwenye oveni ya mama muuza keki wa jirani. Tumeingia karakana saa kumi na mbili asubuhi kila siku wiki hii, Jumapili pia. Hakuna aliyewalazimisha. Wanakuja na makoti ya mvua ya plastiki, wanakunywa kahawa yenye machicha, wanalala chali sakafuni na kuchomelea juu, cheche zikiwaingia shingoni. Nikiwatazama hivyo hasira yangu yote inageuka kitu kingine. Watu hawa wanataka kujua kazi. Wanataka hivyo tu, na kila kilichopo katika jengo hili kinawekwa katikati yao na kazi.

Ijumaa, 29 Novemba

Mtihani wa kumalizia. Sikumpa mtu hata alama moja ya bure na bado wote wamefaulu, kumi na mmoja kati yao kwa haki kabisa. Watano waliobaki Yoyok amewasukuma. Nilimwona, nikanyamaza. Lasmini tisini na nne.

Yoyok akaipiga hesabu mbele yangu. "Mbak! Kutoka ishirini na mbili! Kapanda sabini na mbili! Hakuna kituo nchini kina mstari kama huu." Alifurahi kwa dhati. Nilidhani anatania, maana hutania kila kitu. Nikatambua kwamba ameshasahau. Yeye mwenyewe aliyebakiza ile nafasi, ameshaiamini ile namba.

Alhamisi, 5 Desemba

Naandika haraka kabla sijapoza hasira, maana ikipoa nitaanza kujitetea.

Sherehe ya kufunga. Mvua tangu alfajiri, wageni wameacha viatu vyenye tope mlangoni, ukumbi umejaa harufu ya soksi na wali wa nazi. Nikaingia nikaona bango. Sura ya Lasmini, kubwa kuliko mlango. Chini yake: KUTOKA 22 HADI 94. KITUO CHAKO, MAISHA YAKO MAPYA.

Hakuna aliyemwomba ruhusa. Nilimtafuta, nikamwona amesimama nyuma na wenzake, amejiinamia, Bagong anamtania kuhusu pua yake kwenye bango. Na mstari wa tatu kuna mzee mwembamba, shati la batiki limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, macho mekundu ya fundi, mikono juu ya magoti. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ni Pak Sarpin.

Mkuu akapanda jukwaani. Akaeleza chati. Kisha akamwita Lasmini asimame mbele, akamwekea mkono begani.

"Wageni waheshimiwa, binti huyu alikuja hapa hajui hata kushika kijiti! Alikuwa wa mwisho! Alijifunza ovyo ovyo kijijini! Mtazameni leo!"

Makofi. Mkuu wa wilaya akapiga picha kwa simu yake. Lasmini alikuwa akimtazama baba yake, na baba yake alikuwa akipiga makofi. Taratibu, kwa adabu, kama mgeni yeyote.

Nilikuwa nimekaa meza ya walimu. Kipaza sauti kilikuwa hatua sita kutoka kwangu. Nimezihesabu. Sikuzipiga.

Baadaye mzee alinifuata kwenye meza ya chai. Akainama kidogo, akaongea kwa lugha ya heshima tunayotumia kwa wakubwa, mimi niliye mdogo kwake kwa miaka ishirini.

"Bu mwalimu, asante kwa kumnyoosha mwanangu. Samahani nauliza. Nilikuwa namfundisha vibaya kiasi hicho?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Mkuu akatokea na mpiga picha, akamshika mzee mkono, "Njoo Pak, usimame hapa na bango," na mzee akaenda, akasimama chini ya ile ishirini na mbili, akatabasamu alipoambiwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Orodha ya kiwanda imekuja. Watatu. Bagong yumo. Lasmini hayumo.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda Surabaya kwa basi la alfajiri, bila ruhusa, na karatasi yangu ya kwanza ya alama kwenye mkoba, ile ya tisini na moja yenye tarehe.

Anayeajiri ni mwanamke, Bu Tiurma, mhandisi. Ni mtu wa Medan, ng'ambo ya bahari, na maneno yake hayana mapambo. Alinipokea amesimama, kofia ngumu kichwani, nyuma yake meli nzima imeinuliwa juu ya magogo kwenye mvua.

"Kwa nini hukumchukua Lasmini, aliye bora?" nikamuuliza.

"Bora? Kwenye karatasi zenu wote ni bora. Kila kituo kinaniletea themanini na kitu. Nimeacha kuzisoma hizo. Nasoma mtihani wa siku ya kwanza, kwa sababu wiki nane hazimtengenezi fundi. Wako alikuwa na ishirini na mbili."

Nikamwekea karatasi mezani. Nikamweleza yote, chati, chai ya Mkuu, mkono wa kushoto. Nikasema, "Aliyemwambia aharibu ni mimi." Nilikuwa nalia kwa hasira na sikujali. Alisoma karatasi mara mbili.

"Nakuamini," akasema.

"Basi mpe kijiti umwone!"

"Hapana."

Nilidhani sikumsikia kwa kelele za nyundo.

"Bu, nilikuwa kiwanda kingine zamani. Kuna fundi alijua kwamba mshono wa tangi ni mbovu. Bosi akamwambia apake rangi juu, meli imechelewa. Akapaka. Alikuwa fundi mzuri kuliko wote. Watu wawili walikuwa ndani ya tangi lile lilipofunguka." Akanirudishia karatasi. "Asiyejua namfundisha. Anayejua, halafu anaharibu kwa sababu mkubwa kamwambia, huyo sijui nianzie wapi."

"Ana miaka ishirini na mitatu! Mimi ni mwalimu wake! Angefanya nini?"

"Angekataa."

"Angefukuzwa kozi!"

"Ndiyo. Na angekuja hapa getini hana cheti, na ningempa kijiti." Akavaa glovu zake. "Na wewe, Bu, ungekataa kabla yake."

Rahisi kusema hivyo ukiwa wewe ndiye mwenye geti! Nimelirudia njia nzima kwenye basi, kwa sauti, abiria wa kando yangu akahama. Atajuaje huyu mama wa Medan jinsi sisi tulivyolelewa, mkubwa akisema tunaitikia kabla hajamaliza? Nani alimfundisha Lasmini kukataa? Kwenye ratiba yangu ya wiki nane kuna usalama, kuna vipimo, kuna siku mbili za kufumba macho juu ya mlima. Hakuna hata saa moja ya kukataa. Na hata ingekuwepo, mwalimu wa kuifundisha angetoka wapi?

Jumatano, 11 Desemba

Nimemwandikia Mkuu barua, kila kitu, na jina langu chini. Akaisoma yote, akaikunja mara nne. "Umechoka, Bu Kus. Chukua siku mbili upumzike," akasema. Hakunikaripia. Laiti angenikaripia.

Jumatatu, 16 Desemba

Pak Djatmiko amepandishwa cheo. Anakwenda mkoani kuvionyesha vituo vingine jinsi tulivyopandisha mstari. Tumepiga picha ya kumuaga. Nipo kwenye picha, mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto.

Alhamisi, 19 Desemba

Leo nimekwenda bandani kwa Pak Sarpin. Nimechelewa siku tisa, na kila siku nilikuwa na sababu. Mvua, mto umejaa, presha.

Tela la miwa limepinduliwa matairi juu, Lasmini anachomelea ekseli, mzee kwenye kigoda amefumba macho anasikiliza. Aliniona kivuli tu, akainuka kunitafutia mahali pa kukaa. Sikukaa. Nilianza na yeye, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi.

"Pak Sarpin, hukumfundisha vibaya. Siku ya kwanza alipata tisini na moja. Mimi ndiye niliyemwambia aharibu, ili Kituo kionekane kimemfundisha."

Mzee akajishika magoti, nikadhani atanitoa nje.

"Tisini na moja," akasema mwisho.

"Siku ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo."

Akajifuta uso kwa upindo wa fulana. Kwa muda mrefu, zaidi ya jasho lililokuwepo. "Nilikuwa nimeacha kumwambia akikosea," akasema. "Wiki mbili hizi. Niliona nitamharibu tena."

Lasmini alikuwa ameinua kinga ya uso. "Na kiwandani, Bu?"

Nikamwambia. Akataka maneno yenyewe ya Bu Tiurma, nikayarudia moja moja, pamoja na tangi, pamoja na wale watu wawili. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza darasani.

"Yuko sawa yule mama," akasema.

"Hayuko sawa hata kidogo!" Nilibwatuka, daktari anisamehe. "Wewe ulifanya nini? Ulifanya ulichoambiwa na mwalimu wako!"

"Ndiyo, Bu. Ndicho anachosema." Akachomoa kijiti kilichobaki kifupi, akatia kipya. "Pak Djatmiko wamemfanya nini?"

"Amepandishwa cheo."

"Na wewe?"

"Naanza kundi jipya Januari."

Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kumjibu.

"Kwa hiyo tuliotii tulikuwa watatu," akasema, "na kazi nimekosa mimi."

Halafu akaniomba nigeuke nisiumie macho. Nikageuka nikatazama mvua shambani, na nyuma yangu mlio ukaanza, sawasawa, haukatiki.